Kumjengea Mjusi Mahali Panapofanana na Kwao

Kizimba changu cha kwanza kilipendeza machoni kuliko vyote nilivyojenga baadaye, lakini mjusi aliyekaa ndani yake hakukitumia. Nilikuwa nimepanga mawe mapana kama ngazi kutoka sakafuni hadi karibu na kifuniko, nikaegesha gogo lililojipinda kama pembe ya tandala, nikamwaga mchanga mwekundu uliochekechwa ukawa laini kama unga, na kila aliyeingia chumbani alisimama kukitazama. Geko chui niliyemweka humo alikaa wiki tatu katika upenyo wa vidole viwili uliobaki kati ya ukuta wa mawe na kioo cha nyuma, mahali ambapo sikupakusudia kabisa, akawa anatoka usiku wa manane tu, anakula, anarudi. Niliudhika, kisha nikaingiwa na hofu kwamba anaumwa. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba katika kizimba kile chote, upenyo ule ulikuwa mahali pekee ambapo mgongo na tumbo lake viliweza kugusa kitu kigumu kwa wakati mmoja.

Tangu hapo nimejenga vizimba saba, vingine vyangu na vingine vya marafiki, na sijaanza tena na mawe. Naanza na swali ninaloliandika juu kabisa ya karatasi: saa nane mchana na saa nane usiku, mnyama huyu angekuwa wapi hasa? Jibu haliwezi kuwa jina la nchi, wala neno pana kama "jangwa" au "msitu". Linatakiwa liwe jibu dogo, la kiasi cha kiganja: chini ya bapa la jiwe lililopigwa na jua tangu asubuhi, upande wa kivulini wa shina, au kwenye kikonyo cha jani ambamo maji ya mvua hutuama.

Chukua geko chui mwenyewe. Asili yake ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, na kwa kuwa nchi hizo zina sehemu kame, watu humwazia kwenye vilima vya mchanga kama ngamia. Sehemu kubwa ya makazi yake ni ardhi ngumu ya udongo uliochanganyika na changarawe na miamba, yenye nyasi chache, naye hushinda mchana chini ya mawe na ndani ya nyufa, ambako unyevu kidogo hubaki hata wakati wa kiangazi. Hana vile vitakio vya vidoleni vinavyomwezesha mjusi kafiri kutembea darini kichwa chini. Ana kucha, na kwa kucha hizo hupanda miamba vizuri sana ilhali kioo humshinda. Jina lake la kisayansi, Eublepharis macularius, sehemu yake ya kwanza yatokana na neno la Kigiriki linalohusu kope, kwa sababu yeye anaweza kufumba macho, jambo ambalo geko wengi hawawezi. Nalitaja kwa sababu mjusi mwenye kope anapokaa macho nusu wazi chini ya taa kali, anakuambia jambo kuhusu taa yako.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa geko mdogo wa rangi ya samawati iliyokolea, Lygodactylus williamsi, ambaye hupatikana Tanzania peke yake, katika msitu wa Kimboza na maeneo machache ya jirani. Ukisema anaishi msituni, bado hujasema kitu. Anaishi juu ya mkadi, kati ya majani yake marefu yenye miiba. Anayetaka kuelewa maisha yake yampasa kuufikiria mkadi kabla ya kumfikiria mjusi: majani yaliyosimama wima, vikonyo vinavyoshika maji, nafasi nyembamba za kujificha zinazotazama juu. Mjusi huyu aliwahi kukamatwa kwa wingi mno kwa ajili ya wafugaji, na mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, zilimweka katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho hukataza biashara ya wale waliokamatwa porini, kwa hiyo mimi humtazama kwenye picha na kujifunza kutoka kwa mkadi wake. Ninaowafuga wote wamezaliwa kizimbani.

Baada ya swali hilo ndipo linapokuja joto, na hapa sikubali kukisia. Mwaka 1944 Raymond Cowles na Charles Bogert walichapisha utafiti wao kuhusu watambaazi wa jangwani nchini Marekani, wakaonyesha kwamba mijusi hawapokei tu joto la hewa inayowazunguka bali hulisimamia kwa mwenendo: hutoka juani, hurudi kivulini, hugeuza ubavu, hujibandika juu ya jiwe lenye moto na kuondoka wakishatosheka. Kizimba chenye joto sawa pande zote humnyima mjusi kazi hiyo, hata kama joto lenyewe ni lile lililoandikwa vitabuni. Kwa geko chui nataka uso wa jiwe lililo chini ya taa ufike nyuzi 34 hadi 36 za Selsiasi, na upande wa pili ubaki kwenye 23 au 24, na kati ya hapo pawe na madaraja yote. Ndiyo maana urefu wa kizimba una thamani kuliko kimo chake kwa mnyama wa namna hii. Katika sanduku la sentimita 60 ni vigumu sana kuupata upande wa baridi ambao kweli ni wa baridi. Mimi nimetulia kwenye sentimita 120 kwa 50 kwa 50.

Kosa langu la zamani lilikuwa kuamini kipimajoto cha mviringo kilichobandikwa katikati ya kioo. Kilionyesha nyuzi 29 nami nikaridhika. Siku niliyoazima kipimajoto cha infraredi, kinachosoma joto la uso wa kitu bila kukigusa, na kukielekeza kwenye jiwe la juu, lile la kupendeza zaidi, nikasoma nyuzi 47. Hewa ilikuwa na joto la kadiri, jiwe lilikuwa kikaango. Siku hizi hupima kila uso ambao tumbo linaweza kuugusa, na taa haiwashwi bila thamostati, kifaa kinachodhibiti joto lisizidi kiwango. Napendelea taa ya halojeni kuliko mkeka wa kupasha joto unaowekwa chini, kwa kuwa mionzi yake ya infraredi ya masafa mafupi hupenya ngozi kwa namna inayokaribia ya jua, na kwa kuwa joto linalotoka juu na kuhifadhiwa na jiwe ndilo analolifahamu mnyama huyu: jioni taa inapozimika, bapa la jiwe hubaki na uvuguvugu kwa muda, naye hutoka kulilalia. Mawe bandia yenye waya wa umeme ndani yake siyataki kabisa, maana yana historia ndefu ya kuunguza matumbo.

Kuhusu mionzi ya urujuanimno nitasema machache. Mionzi ya aina ya UVB huanzisha katika ngozi utengenezaji wa vitamini D3, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia kalsiamu ipasavyo. Mifupa hulainika, taya hulegea, miguu hupinda. Kioo cha kawaida huzuia mionzi hiyo, kwa hiyo kukiweka kizimba dirishani hakuleti faida yoyote isipokuwa hatari ya kumpika mnyama, na wavu wa waya ulio kati ya taa na mnyama hupunguza sehemu kubwa yake. Gary Ferguson na wenzake walichapisha mwaka 2010 vipimo vya mionzi ambayo mijusi na nyoka wa nchi za Amerika hujiweka wazi kwayo wakiwa porini, na kutokana na kazi hiyo wafugaji wana kanda nne za kiwango cha mionzi za kuanzia. Wanyama wa jioni na wa kivulini wako katika ya kwanza, ambako wastani wa UVI, yaani kipimo cha nguvu ya mionzi ya urujuanimno, ni kati ya 0 na 0.7. Taa dhaifu yamtosha geko chui, mradi iwekwe upande ule ule wa taa ya joto, kwa kuwa juani mwanga na joto huja pamoja. Taa hizo huendelea kung'aa hata baada ya mionzi yenyewe kupungua, ndiyo sababu naandika kwa kalamu, kwenye kitako cha kila taa, tarehe niliyoiweka.

Sasa ukuta wa nyuma, ambao ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote na ambao huchukua karibu nusu ya muda wangu.

Naujenga kwa stirofomu, yale mabamba meupe mepesi yanayofungashiwa vifaa vya umeme, yenye unene wa sentimita 5, yaliyogandishwa moja juu ya jingine kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Nikishayabandika nayaacha usiku kucha, kisha nachukua kisu cha mkate chenye meno na kuanza kuchonga. Hapa mkono hutaka kufanya mapambo: mashimo ya duara, vijilima vya kupendeza, nyufa zinazoelekea kila upande. Mwamba halisi hauko hivyo. Mwamba wa tabaka una mwelekeo mmoja, na ufa unaoanza kushoto huendelea kulia hata ukikatizwa. Kwa hiyo nachora kwanza mistari minne au mitano iliyoinama kidogo, kama nyuzi kumi na mbili hivi kutoka usawa, na kila kitu nikichongacho hufuata mistari hiyo. Baadaye napitisha brashi ya waya juu ya uso wote, na punje nyeupe huruka na kunata nywelini, kwenye nguo, hata ndani ya kikombe cha chai nilichokisahau pembeni. Uso ule laini unaofanana na keki hubadilika ukawa na mikwaruzo na vishimo vidogo, na hapo ndipo huanza kuonekana kama jiwe.

Nyufa zenyewe ndizo kiini cha kazi, kwa sababu ya wiki zile tatu. Kila ufa naupa kimo kinachomgusa mnyama juu na chini anapojipenyeza. Kwa geko chui mzima huwa ni sentimita mbili hadi mbili na nusu, na huupima kwa vidole vyangu viwili vikiwa vimelaliana. Naweka ufa mmoja karibu na taa, ambako joto hufika nyuzi 32, mwingine katikati, wa tatu juu upande wa baridi, na wa nne chini kabisa, ukigusa udongo wenye unyevu. Lengo ni kwamba mjusi asilazimike kamwe kuchagua kati ya kupata joto na kujificha. Katika vizimba vingi ninavyoviona, mahali pa kuota jua ni jukwaa tupu na maficho ni kibanda kilicho kwenye baridi, na mnyama mwoga hukaa kwenye baridi hata chakula kikamchachia tumboni, kwa kuwa joto lenyewe analo jukwaani tu, mbele ya macho ya watu.

Kina cha ufa kisizidi urefu wa vidole vyako. Ushauri huu umenigharimu: katika kizimba cha pili niliacha tundu la kupitishia waya nyuma ya ukuta, mjusi akapita humo, nikalazimika kuukata ukuta wangu mwenyewe kwa kisu kile kile nilichouchongea, kipande baada ya kipande, nikiogopa kila mara kwamba ncha ingemfikia. Alikuwa amelala.

Juu ya stirofomu hupaka grauti ya vigae, ule mchanganyiko wa saruji unaojazwa kati ya vigae. Koti la kwanza liwe jepesi kama uji wa mtoto ili liingie kwenye kila kishimo, na yanayofuata yawe mazito zaidi, kila moja likikaushwa siku nzima, hadi yafike manne au matano. Rangi hutoka kwenye grauti yenyewe: la chini ni la kijivu kilichokolea, la mwisho ni la kahawia iliyopauka, nami hulipaka kwa brashi iliyo karibu kukauka ili liguse vilele tu na kuacha giza ndani ya nyufa. Saruji iliyomo hutoa magadi kwa siku kadhaa, hivyo ukuta huoshwa na kuloweshwa mara nyingi kabla ya kupakwa vanishi ya maji. Silikoni nayo hunuka siki hadi ikomae. Harufu hiyo isipokwisha kabisa, mnyama haingii.

Mawe ya kweli hukaa juu ya sakafu ya kizimba, wala si juu ya udongo. Sitasahau asubuhi niliyokuta bapa la kilo nne limeinama upande mmoja kwa sababu geko alikuwa amechimba chini yake usiku kucha. Lilikuwa limeshikiliwa na kokoto moja. Sasa natandika bamba jembamba la stirofomu juu ya kioo cha chini ili uzito usikipasue, nasimamisha mawe hapo, nayagandisha yale ya juu kwa silikoni, nayatikisa kwa nguvu zote, halafu ndipo namwaga udongo kuyazunguka.

Udongo wangu ni sehemu sita za udongo wa juu usiotiwa mbolea, tatu za mchanga usio laini sana, na moja ya mfinyanzi mkavu uliopondwa. Hulowanishwa hadi ushikamane kiganjani, hushindiliwa kwa ngumi, kisha huachwa ukauke ukiwa kizimbani. Ukikauka huwa mgumu kiasi kwamba handaki lililochimbwa leo halibomoki kesho, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na mchanga mtupu, ambao hautunzi umbo la kitu chochote. Kabla ya kuumwaga, piga hesabu: sakafu ya sentimita 120 kwa 50 yenye udongo wa kina cha sentimita 10 hubeba lita 60, na lita 60 za mchanganyiko huo zinakaribia kilo 90, mbali na mawe, kioo na taa. Meza ya kuandikia haitoshi.

Kona moja ya upande wa baridi huwa na unyevu wa kudumu. Nimezika humo bomba jembamba lililosimama wima, nusu limefichwa nyuma ya jiwe, ninalolimiminia maji nusu kikombe kila baada ya siku nne, nayo hushuka hadi chini bila kulowesha uso wa juu. Ufa wa nne hufunguka hapo. Geko chui anapokaribia kujivua gamba ngozi yake hupauka kama iliyopakwa majivu, naye huingia katika ufa ule na kukaa siku nzima. Asipopata unyevu, vipande vya ngozi ya zamani hubaki vidoleni, vinakaza, vinazuia damu, na kidole hukatika. Katika kona hiyo hiyo wanaishi kolembola na isopodi, vijidudu vya udongoni wanaokula kinyesi, kuvu na majani makavu. Watu huwasifu kana kwamba wameondoa haja ya kusafisha. Wamepunguza, hawajaondoa, na katika kizimba kikavu hufa wote iwapo hakuna kona kama hiyo.

Kizimba cha mazingira ya unyevu ni kazi nyingine kabisa. Geko mwenye kishungi wa New Caledonia, aliyedhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994, hutaka kimo badala ya urefu, matawi ya unene unaolingana na mwili wake yaliyolazwa kwa pembe mbalimbali, majani mapana ya kulamba matone, na joto lisilovuka nyuzi 27. Chini yake nilitandaza kokoto nyepesi za mfinyanzi kwa kina cha sentimita 4, wavu juu yake, halafu makumbi ya nazi yaliyosagwa na magome, ili maji yanayozidi yashuke badala ya kuozesha mizizi. Nilikosea kwa kudhani unyevu mwingi ndio bora zaidi. Nilifunga tundu la hewa la chini, kioo kikalia machozi mchana kutwa, na baada ya mwezi mmoja kila kipande cha mti kilikuwa na kuvu nyeupe kama pamba. Alihitaji kulowa usiku na kukauka mchana, na kukauka huko huletwa na hewa inayoingia chini na kutokea juu.

Mimea nitaipitia haraka. Ioshe, iondoe kwenye udongo wa dukani ambao mara nyingi una dawa na mbolea, na iache nje ya kizimba wiki kadhaa. Kwa ukavu, mkonge mwitu na mishubiri midogo huvumilia kukanyagwa. Kwa unyevu, pothosi, mmea wa kutambaa wa majumbani, haifi hata ukiifanyia ubaya. Usimweke mnyama siku unayopanda.

Uzuri wa kumvutia mtazamaji huja mwisho, na nakiri kwamba siudharau. Hutumia aina moja tu ya jiwe, kwa sababu mawe ya rangi tatu hufanana na duka. Udongo huinuka kuelekea nyuma, sentimita 6 mbele na 15 nyuma, na macho hudanganyika kuona umbali. Majani mapana hukaa mbele na madogo nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Milango ninaifungua kwa mbele: mkono unaoshuka kutoka juu, kwa mjusi, ni ndege mwenye kucha. Na huacha theluthi moja ya sakafu bila kitu chochote, ingawa marafiki hunisihi nijaze, kwa kuwa kizimba kilichojaa hakimwachi mnyama aonekane akitembea, na kutembea kwa geko chui, mkia ukiinuliwa na kuyumbishwa polepole anapokaribia mawindo, ni jambo la kukesha ulione.

Katika kizimba cha sasa, ile kona ya mbele kushoto bado inanishinda. Nimepanda mshubiri hapo mara tatu, na mara tatu nimeukuta umelala ubavu asubuhi, mizizi ikiwa juu, na shimo safi la duara mahali ulipokuwa. Taa inapozimwa na jiwe kubwa likiwa bado na uvuguvugu, geko wangu hutoka kwenye ufa wa katikati, hupita mbele ya kioo bila kunijali, na kwenda kuchimba hapo hapo kwa mkono mmoja na kisha mwingine, akisimama kila baada ya muda kulamba midomo. Mshubiri wa nne nimeuweka dirishani.